Mji na Wazee Wake

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hii twaisikia tangu utotoni, na aghalabu twaikubali bila ya kuuliza swali lililofichwa ndani yake: je, wazee hao wako wapi? Methali yasema "penye wazee". Haisemi kwamba wazee wako kila mahali. Ipo miji iliyojengwa bila ya kuwawekea wazee nafasi, na mmoja wa miji hiyo ni Kisumu, bandari ya Kenya kando ya Ziwa Viktoria. Mji huo ulijengwa kana kwamba hapana mtu atakayezeeka ndani yake. Baada ya miaka mingi umelazimika kujifunza kuwatunza watu ambao haukuwatazamia. Habari za safari hiyo ndizo tutakazozieleza hapa, nasi tutaimaliza katika mtaa wa Migosi.

Kwanza tutazame hali ilivyokuwa kabla ya mji. Katika maboma ya Wajaluo waliokaa kando ya ziwa, mzee alikuwa na mahali pake palipojulikana na kila mtu. Mwenye boma alikuwa na kibanda chake kilichoitwa duol, karibu na zizi la ng'ombe. Humo wanaume walikusanyika jioni kuota moto, kula pamoja na kuamua mambo ya ukoo. Bibi mzee naye alikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe. Wasichana walilala humo, wakasikiliza hadithi na vitendawili, na kufundishwa adabu na mambo ya utu uzima. Watoto waliosikiliza hadithi usiku ndio hao hao waliochota maji na kuokota kuni asubuhi. Basi utunzaji wa mzee haukuwa sadaka. Mzee alitoa elimu na hukumu, akapokea chakula, moto na heshima. Hakwenda kutafuta huduma kwa sababu huduma ilikuwa imemzunguka.

Hata hivyo, tusidanganyike na kuzisifu siku za kale kupita kiasi. Mzee aliyepatwa na mtoto wa jicho alikuwa kipofu mpaka kufa kwake. Mzee asiyekuwa na mtoto aliishi kwa huruma ya jirani. Njaa ilipoingia, au maradhi ya kuambukiza yalipozuka, wazee na watoto wachanga ndio waliotangulia kaburini. Desturi ilimpa mzee mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao, lakini haikuweza kumpa dawa ambayo haikuwako.

Mwezi wa Desemba mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani, mahali palipopewa jina la Port Florence. Hapo ndipo ulipokua mji wa Kisumu. Meli zilipakia pamba na ngozi kutoka Uganda na nchi za ziwani. Gari la moshi likazipeleka pwani. Kazi hiyo yote ilitaka mikono yenye nguvu. Na ili mikono hiyo ipatikane, palikuwa na kodi. Serikali ya Waingereza ilitoza kodi kwa kila nyumba, na baadaye ikaongeza kodi ya kichwa. Mzee mwenye wake wengi alihesabiwa kila nyumba ya bomani mwake. Kwa kuwa fedha hazikuota shambani, ilibidi kijana wake aende mjini, au kwenye mashamba ya walowezi, kuzitafuta.

Hapa ipo tofauti inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwapa maskini waliofikia umri wa miaka 70 shilingi 5 kila juma. Waingereza walikuwa wamejifunza, kwa miaka mingi ya dhiki katika miji yao ya viwanda, kwamba mtu aliyetumia nguvu zake kiwandani hawezi kutupwa zinapokwisha. Ujerumani ilikuwa imekwisha kulijua jambo hilo tangu mwaka 1889. Lakini katika nchi za ziwa, serikali ya taifa lile lile haikuwapa wazee shilingi; ilizitafuta kutoka kwao.

Mji wenyewe ulijengwa kwa fikira moja tu, nayo ilikuwa kwamba Mwafrika yuko mjini kwa ajili ya kazi. Nyumba za wafanyakazi aghalabu zilikuwa vyumba vya kulala wanaume walioacha wake, watoto na wazazi wao kijijini. Mshahara ulihesabiwa kwa kumlisha mtu mmoja, wala si jamaa nzima. Nguvu zilipokwisha mtu alitakiwa kurudi kwao, akazeeke huko. Kwa njia hiyo mji ulifaidi miaka ya nguvu, na kijiji kikabebeshwa miaka ya udhaifu. Tukiuliza nani aliyelipa gharama ya uzee wa mchukuzi wa mizigo bandarini, jibu ni kwamba aliyelipa ni mkewe kwa jembe lake, na watoto wake kwa mtungi wa maji.

Watu wa ziwani hawakunyamaza. Mwaka 1921 walianzisha chama cha kuleta malalamiko yao mbele ya serikali, wakidai pamoja na mambo mengine kwamba kodi ipunguzwe. Mwaka 1923 chama hicho, kikiongozwa na Archdeacon Owen wa Kanisa la Kianglikana, kiligeuka kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi. Wanachama wake walihimizana kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Mwaka 1924 sheria iliruhusu kuundwa kwa Mabaraza ya Wenyeji. Mabaraza hayo yaliweza kutoza ushuru wao wenyewe na kuutumia kwa shule, barabara na zahanati. Hii ndiyo mizizi ya serikali za mitaa katika nchi hizo. Mwaka 1950 sheria nyingine iliyageuza kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, yenye mamlaka makubwa zaidi.

Zahanati za mabaraza zilikuwa baraka kubwa. Mtu aliyekuwa akitembea siku nzima kwenda hospitali ya misheni sasa aliweza kufunga kidonda chake karibu na kwao. Lakini tukichunguza kazi ya zahanati hizo twaona kwamba zilikusudiwa kupigana na homa, buba, vidonda na maradhi ya kuambukiza, na kuwasaidia akina mama na watoto wachanga. Mzee alipata dawa kama jani linavyopata mvua iliyokusudiwa shamba zima. Hapakuwa na jambo lililofanywa kwa ajili ya uzee wenyewe: macho yanayofifia, viungo vinavyokakamaa, na shinikizo la damu lisiloonekana kwa macho.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na miaka iliyofuata ilijaa matumaini. Mwezi wa Juni mwaka 1965 serikali mpya ilitangaza kwamba wagonjwa wa nje watatibiwa bure. Mwaka huo huo ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na mwaka 1966 ikaanzishwa Bima ya Taifa ya Hospitali. Haya yalikuwa mambo makubwa, lakini mifuko hiyo ilianza na watu wenye mishahara. Mwuza samaki wa sokoni, fundi wa baiskeli na mama aliyelima maisha yake yote hawakuwa na mwajiri wa kuwakatia fedha. Hata yule aliyekuwa na mwajiri alilipwa akiba yake kwa mkupuo mmoja alipostaafu. Fedha za mkupuo huwa kama maji katika viganja: hujengea nyumba, hulipia karo, kisha huisha kabla ya uzee kuisha.

Katika Kisumu matumaini hayo yaligeuka kuwa majengo. Nchi ya Kisovieti ilikubali kujenga hospitali kubwa, na watu wa mji wakaizoea kwa jina la "Russia", jina linalotajwa hadi leo. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua. Siku hiyo fitina ya siasa kati ya serikali na wafuasi wa Jaramogi Oginga Odinga ililipuka hadharani. Risasi zilipigwa na watu wakauawa mjini. Hivyo hospitali iliyojengwa kuokoa roho ilifunguliwa kwa vifo, na jambo hilo halijasahauliwa. Baadaye hospitali hiyo ilipewa jina la Jaramogi mwenyewe, aliyefariki dunia mwaka 1994.

Mwaka huo huo wa 1969 ilipitishwa sheria ambayo haikupigiwa kelele nyingi, ijapokuwa iliyagusa maisha ya kila siku zaidi ya hotuba zote. Sheria hiyo iliyaondolea mabaraza ya kaunti kazi tatu, yaani shule za msingi, afya na barabara, ikazitia mikononi mwa serikali kuu. Mabaraza mengi yalikuwa yameshindwa kukusanya fedha za kutosha. Mabaraza ya manispaa, likiwamo la Kisumu, yaliachiwa kazi zao. Basi tangu mwaka 1970 zahanati ya kijiji ilikuwa na bwana wake Nairobi, na zahanati ya mji ilikuwa na bwana wake manispaa. Mzee wa kijijini aliyetaka kulalamika kwamba dawa zimekwisha hakuwa tena na diwani wa kumkabili chini ya mti. Alipaswa kuandika barua, na wengi wa wazee hao hawakujua kuandika.

Wakati huo wote watu waliendelea kuamini kwamba mji si kwao. Kwa Mjaluo, nyumba ya mjini ni mahali pa kulala tu. Kwao hasa ni bomani, mahali panapoitwa dala, nako ndiko anakozikwa. Imani hii ilipimwa mahakamani baada ya wakili mashuhuri wa Nairobi, S. M. Otieno, kufariki dunia mwezi wa Desemba mwaka 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake ulitaka azikwe Nyalgunga, katika nchi ya Siaya. Kesi ilichukua miezi mitano, na Mahakama ya Rufani ikaamua kwa upande wa ukoo. Alizikwa Nyalgunga mwezi wa Mei mwaka 1987. Basi desturi na sheria zilisema kwa sauti moja kwamba mtu huishi mjini, lakini kwao ni kwingine.

Lakini maisha hayangoji hukumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Kisumu ilipata mkopo wa Benki ya Dunia kwa mradi wa viwanja vyenye huduma, na Migosi ukawa mmoja wa mitaa iliyozaliwa hivyo. Ardhi ilipimwa na kugawanywa, na mifereji na njia zikatengenezwa. Mwenye kiwanja alijenga taratibu kwa kadiri ya uwezo wake, akakaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Tuitazame vizuri tofauti iliyopo hapa. Mtu aliyekaa katika chumba cha mwajiri aliondoka kazi ilipokwisha. Mtu aliyejenga Migosi hakuwa na sababu ya kuondoka. Alistaafu akiwa ndani ya nyumba yake, akaishi kwa kodi ya wapangaji, na mvi zikamwotea mjini. Mji uliojengwa kwa ajili ya vijana ukaanza kuwa na wazee wake, wala haukuwa umejiandaa.

Misiba miwili iliongeza uzito wa jambo hili. Wa kwanza ulikuwa wa fedha. Mwezi wa Desemba mwaka 1989 serikali, ikiwa katika dhiki ya madeni, ilirudisha malipo katika hospitali zake. Iliyalegeza mwaka uliofuata, kisha ikayarudisha tena. Aliyekuwa ameambiwa mwaka 1965 kwamba matibabu ni bure sasa alikuwa mzee, na ndipo alipoambiwa alipe.

Msiba wa pili ulikuwa UKIMWI. Mkoa wa Nyanza uliathirika kuliko mikoa yote ya Kenya. Ugonjwa ule uliwachagua watu wa makamo, wale wenye mishahara na mashamba, ambao ndio waliokuwa nguzo ya wazazi na watoto. Mwezi wa Novemba mwaka 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la taifa. Kufikia hapo bibi wengi wa kando ya ziwa walikuwa wamekwisha kuwazika watoto wao na kuanza upya kazi ya kulea. Bibi wa miaka 70 aliamka alfajiri kumtayarisha mjukuu kwenda shule, akauza mboga ili alipe sare, akajinyima dawa yake ili mtoto ale. Hapo mpango wote wa zamani ulipinduka juu chini. Kijiji kilichobebeshwa uzee wa mji kilikuwa kimepoteza mabega, na mzee aliyepaswa kutunzwa akawa mtunzaji.

Hali hiyo iliilazimisha serikali kuwatazama wazee kama wazee. Mwaka 2006 ilianza, kwa majaribio, kuwapa fedha wazee maskini. Kiasi kilikuwa kidogo, kisha kikapanda hadi shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka 2018 mpango ulipanuliwa kwa watu waliotimiza miaka 70 wasiokuwa na pensheni nyingine. Zanzibar ilikuwa imetangulia katika njia hiyo, kwani tangu mwaka 2016 ilikuwa ikiwalipa wazee wake wa umri huo bila ya kuuliza kama ni maskini.

Katikati ya mambo hayo ilikuja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 57 kinawataja wazee kwa jina lao. Chasema kwamba wana haki ya kuishi kwa heshima, kushiriki katika mambo ya jamii, na kupata utunzaji wa kadiri kutoka kwa familia na Serikali. Tulitafakari neno hili dogo "na". Kwa muda wa miaka mia moja mji ulisema kwamba uzee ni kazi ya familia peke yake. Katiba imesema kwamba ni kazi ya wawili. Serikali haiwezi kumsukumia mzee mwanawe ikanawa mikono, wala mwana hawezi kumsukumia serikali mzazi wake akalala usingizi.

Katiba hiyo hiyo ilizipa kaunti kazi ya kusimamia afya, na mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza kazi. Hivyo kilichochukuliwa mwaka 1969 kilirudishwa karibu na watu. Mwezi wa Desemba mwaka 2018 Kisumu ilikuwa mojawapo ya kaunti nne zilizochaguliwa kujaribu matibabu kwa watu wote. Nyingine zilikuwa Nyeri, Isiolo na Machakos. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walikabidhiwa mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na sukari, ili wapite nyumba hadi nyumba katika nchi nzima. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa bima iliyoanzishwa mwaka 1966.

Basi tumtazame bibi mmoja wa Migosi, ambaye si mtu fulani bali ni mfano wa wengi. Mtaani mwake ipo hospitali ya serikali ya kaunti. Mumewe alijenga nyumba ile kisha akafariki dunia. Ana shinikizo la damu, na magoti yanamuuma. Kwa sheria, ana mengi: ana haki ya Katiba, ana fedha za kila mwezi, ana bima, na ana mhamasishaji wa kumpima nyumbani. Lakini kila kimoja kina mlango wake, na kila mlango una ufunguo wake. Fedha zinataka kitambulisho chenye mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa sawasawa, naye alizaliwa wakati ambapo miaka ilihesabiwa kwa njaa na mafuriko. Malipo yamewahi kuchelewa kwa miezi, ilhali dawa ya shinikizo la damu haingoji hata siku moja. Bima inataka simu na namba ya siri. Mashine inataka alama za vidole, na vidole vyake vimelainishwa na jembe na sabuni. Huduma iko karibu kuliko wakati wowote katika historia ya mji wake, naye bado aweza kuikosa kwa kukosa mtu wa kumshika mkono.

Mtu huyo ni nani? Zamani alikuwa ni msichana aliyelala siwindhe na mvulana aliyekaa duol. Vibanda hivyo havitarudi, wala hatuhitaji kuvililia. Lakini kazi iliyofanywa humo ingaliko. Kijana anayejua kusoma barua ya serikali, kutumia simu, kukumbuka siku ya kliniki na kuuliza kwa adabu kwa nini dawa hazipo, ndiye mjukuu wa leo wa siwindhe. Naye pia hupokea malipo, kwa maana bibi huyo anajua habari za mji ambazo hazimo katika kitabu chochote. Anajua nani aliyejenga, nani aliyefukuzwa, na jinsi watu walivyopita katika miaka ya msiba.

Historia ya Kisumu yatufundisha kwamba jamii haiwezi kukwepa gharama ya uzee. Yaweza tu kuchagua nani wa kuilipa. Mji ulipokataa, kijiji kililipa. Kijiji kilipochoka, bibi alilipa kwa mwili wake. Leo sheria imeugawa mzigo baina ya familia na serikali, na mizani hiyo yataka watu wa kuilinda. Ninyi mnaosoma kurasa hizi, wengi wenu mtaishi mijini, na wengi wenu mtazeeka huko huko. Madiwani wa kesho, wauguzi wa kesho na walipa kodi wa kesho ni ninyi. Zahanati mtakayoijenga, na njia mtakayoitengeneza mpaka mlangoni pake, ndiyo mtakayoipita wenyewe siku ambayo magoti yenu yatakuwa yamechoka.